Je, Wajua? Rupia Ilivyoitikisa Mombasa, na Mji Ulivyosimama Tena

Miaka 100 na ushei iliyopita, Mombasa, Kampala, Zanzibar na Bombay zilikuwa zikitumia pesa moja: rupia. Kisha rupia ikapatwa na homa, na kila mwenye deni, duka au shamba akaisikia mwilini. Haya hapa ni maajabu ya kishindo kile, namna mji ulivyoinuka, na nchi nyingine ndogo zilizopita njia hiyohiyo.

Mombasa ilikuwa na rupia yenye jina lake

Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, maarufu kwa herufi IBEA, ilipigisha rupia za fedha zenye jina "MOMBASA" na picha ya taji juu ya jua lenye miale. Zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kwa uzito uleule wa rupia ya India, karibu gramu 11.7, ili mfanyabiashara wa mtaa wa Ndia Kuu azipokee bila kusita. Utawala wa kampuni ulikoma mwaka 1895.

Malkia aliyefariki 1780 aliendelea kununua pembe za ndovu pwani yetu

Kabla ya rupia kutamba, sarafu kubwa ya biashara huku ilikuwa reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Alifariki mwaka 1780, na sarafu yake imeendelea kupigwa hadi zama zetu ikiwa na tarehe hiyohiyo ya 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakuamini tarehe nyingine yoyote. Thamani yake ilikuwa kwenye madini yenyewe: zaidi ya gramu 23 za fedha safi katika kila sarafu. Pwani ilijifunza mapema kuamini kile kinachopimika kwenye mizani, na imani hiyo ndiyo itakayokuja kuleta taabu.

Reli ndiyo iliyoimwaga rupia bara

Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na wote walilipwa kwa rupia. Kibarua wa kawaida alipata rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho ya chakula. Reli ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na rupia ikafika nayo, ikazisukuma kando simbi ambazo Uganda ilizitumia sokoni kwa muda mrefu. Ndani ya miaka mitano tu, pesa ya kisiwa ikawa pesa ya maziwa makuu.

Noti moja iliweza kulipa kibarua karibu miaka 3

Noti za kwanza za Himaya ya Afrika Mashariki zina tarehe ya 1 Septemba 1905, na mahali palipoandikwa ni Mombasa. Zilianzia rupia 5 na kupanda hadi rupia 500. Kwa ujira wa kibarua wa reli, ile ya 500 ilikuwa sawa na mshahara wa miezi 33. Leo tumezoea kuona Nairobi kwenye pesa zetu, lakini noti zilianzia safari kisiwani.

Benki mbili kubwa za Kenya zilianza kwa upepo wa bahari

Historia ya KCB inaanzia mwaka 1896, National Bank of India ilipofungua tawi Mombasa. Standard Bank nayo ilifungua mlango wake wa kwanza Kenya mwaka 1911, papo hapo Mombasa, kwenye uwanja wa Treasury Square, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu. Mikopo iliyotoka kwenye kaunta hizo iliandikwa kwa rupia, jambo ambalo kabla ya muongo kwisha lingewakosesha watu usingizi.

Hewa ya chumvi ilizishinda sarafu za kisasa kabisa

Mwaka 1907 Afrika Mashariki ya Waingereza ilipewa senti za alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini kutumika popote duniani. Zilikuwa nyepesi mno na zilikuwa na tundu katikati, hivyo mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi. Lakini unyevu na chumvi vilizila, na kufikia mwaka 1909 senti zikaanza kutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Lile tundu lilidumu kwenye senti zetu zaidi ya nusu karne baadaye.

Rupia ilipanda zaidi ya maradufu bila mtu wa Mombasa kufanya lolote

Kwa karibu miaka 20, rupia moja ilikuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, yaani rupia 15 zilitimiza pauni moja. Vita Kuu vilipozidisha mahitaji ya fedha, bei ya madini hayo London ikaruka hadi peni 89 na nusu kwa aunsi mwezi Februari 1920, zaidi ya mara tatu ya bei ya kabla ya vita. Rupia, iliyobeba fedha tumboni, ikapaa nayo na kupita shilingi 2 na peni 8. Hapo ndipo hatari ya pesa ya pamoja inapoonekana: uamuzi wa soko la London na Bombay ulitua kwenye daftari la muuza nguo wa Mji wa Kale kabla hata hajafungua duka.

Deni lilikua usiku mmoja bila mkopo mpya

Mwanzoni mwa mwaka 1920, Wizara ya Makoloni huko London iliamua kuifunga rupia ya Afrika Mashariki kwenye shilingi 2 kamili. Sasa rupia 10, wala si 15, zikawa pauni moja. Chukua mkulima aliyekopa rupia 15,000. Jana alidaiwa pauni 1,000. Leo anadaiwa pauni 1,500. Ni kama kumkopa jirani vibaba viwili vya mchele, kukicha ukadaiwa vitatu, na sufuriani hapakuongezwa hata punje.

Maumivu yalikuwa ya pande mbili. Kahawa na mkonge viliuzwa Ulaya kwa pauni, na kila pauni iliyorudi nyumbani ilileta rupia 10 badala ya 15, ilhali mishahara na madeni hapa yalihesabiwa kwa rupia zilezile. Aliyenufaika ni aliyekuwa akidai, pamoja na yule aliyelipwa kwa rupia na kununua bidhaa za Uingereza. Kisha mwaka huohuo bei za mazao zikaporomoka duniani, na pigo moja likawa mawili.

Florini ya Afrika Mashariki haikufikisha miaka 2

Ili kuitenga na rupia ya India, mwaka 1920 ilizaliwa pesa mpya: florini, yenye thamani ya shilingi 2 za Uingereza. Sarafu zake zilikuwa nusu fedha, noti zake ziliandikwa Mombasa, na kabla watu hawajaizoea, ikaondolewa kuipisha shilingi. Leo florini hizo ni adimu, na wakusanyaji wa sarafu duniani huzitafuta kwa udi na uvumba. Mtu mzima wa Mombasa wa wakati ule aliona pesa tatu, rupia, florini na shilingi, katika muda ambao mtoto hajamaliza kuota meno.

Kwa muda, kununua rupia Bombay kulilipa kuliko biashara yoyote

Homa ya fedha iliposhuka, rupia ya India ilianguka, na kufikia mwanzoni mwa 1921 ilikuwa chini ya shilingi 1 na peni 6. Huku kwetu sheria ilisema bado ni shilingi 2! Piga hesabu: mtu akinunua rupia kwa shilingi 1 na peni 4 kisha akaibadilisha kwa shilingi 2, kila rupia mbili zimemzalia ya tatu. Bahari ya Hindi ina upepo wa Kaskazi unaoleta majahazi bila malipo, kwa hiyo serikali ililazimika kupiga marufuku uingizaji wa rupia, kisha mwaka 1921 ikaiondolea rupia uhalali wake kabisa. Ukiweka bei mbili kwa kitu kimoja kwenye fukwe mbili za bahari moja, bahari itafanya biashara.

Bodi ya Sarafu ilizaliwa ikiwa na shimo la pauni milioni 1.5

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwezi Desemba 1919 ili kusimamia pesa za Kenya na Uganda, na baadaye Tanganyika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya rupia zote kwa bei ya shilingi 2, kisha kuziuza kama madini kwa bei ndogo kuliko hiyo. Hasara ilikaribia pauni milioni 1.5, na akiba kamili ya kuidhamini shilingi yetu haikupatikana mpaka mwaka 1950. Yaani shilingi iliishi karibu miaka 30 ikiaminiwa na mamilioni ya watu huku kasha lake halijajaa. Hivyo ndivyo pesa inavyosimama kwa imani.

Shilingi mpya ilikuwa robo tu ya fedha

Shilingi ya mwaka 1921 ilionyesha simba mbele ya milima, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja. Ndani yake fedha ilikuwa asilimia 25 pekee, dhidi ya zaidi ya asilimia 90 kwenye rupia. Huo ulikuwa ujanja wa maana sana: sarafu yenye madini kidogo haipandi mbinguni fedha inapopanda, wala hakuna anayeshawishika kuiyeyusha. Kwa mara ya kwanza pwani ilitumia pesa ambayo thamani yake ilikaa kwenye ahadi kuliko kwenye mizani.

Dawa ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa kukata mishahara kwa theluthi moja

Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi, ilhali kodi ya kibanda ilikuwa imepanda hadi shilingi 16. Mwanaharakati Harry Thuku akasimama kuyapinga hayo, akakamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulimiminiwa risasi Nairobi. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Kiwango cha kubadilisha pesa husikika kama jambo la makarani, lakini mzigo wake ulibebwa na watu ambao hawakuwahi kukopa hata rupia moja benki.

Ireland na Latvia zilimeza dawa hiyohiyo miaka 90 baadaye

Nchi isiyoweza kushusha thamani ya pesa yake hubaki na njia moja chungu: kushusha mishahara, matumizi na bei. Ireland, iliyofungwa ndani ya euro, ilikubali mpango wa uokozi mwishoni mwa 2010, ukiwemo mkopo wa euro bilioni 67.5 kutoka nje, na Desemba 2013 ikawa nchi ya kwanza ya eneo la euro kutoka kwenye mpango wa aina hiyo. Latvia, yenye watu wapatao milioni 2, ilikuwa bado na pesa yake, lats, lakini ilikataa kuibandua kutoka kwa euro. Uchumi wake ulinywea kwa takriban asilimia 14 mwaka 2009, kisha ukainuka hadi nchi ikaingia kwenye euro tarehe 1 Januari 2014. Nchi hizi zilipona, na katika safari hiyo maelfu ya vijana wao walifunga mizigo kutafuta kazi ng'ambo.

Bendera ilikuwa ya Sultani, pesa ilikuwa ya mwingine

Zanzibar haikuifuata Kenya kwenye florini wala shilingi. Ilibaki na rupia hadi mwaka 1936. Na hapa pana utamu: kisheria, ukanda wa pwani pamoja na kisiwa cha Mombasa ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Kwa takriban miaka 14, basi, mtu wa Mombasa aliishi chini ya bendera ya nchi ambayo pesa yake haikutumika tena mjini kwake. Zanzibar ilipojiunga hatimaye, rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu, kiwango kilichokuwa tayari kimezoeleka sokoni, na nchi hiyo ya karafuu ikaingia bila kishindo. Kungoja nako ni sera.

Mombasa iliinuka kwa maji yenye kina

Hadi miaka ya 1920, meli kubwa zilitia nanga mbali na nchi kavu na shehena ikashushwa kwa matishari, kifurushi baada ya kifurushi. Mwaka 1926 magati mawili ya kwanza ya maji marefu yalikamilika Kilindini, na kufikia 1931 yalikuwa 5. Bara nako, Kamati ya Bowring ya mwaka 1922 ilishauri matumizi ya serikali yabanwe na mahindi ya kuuza nje yapewe nauli nafuu ya reli. Pamba ya Uganda, kahawa, magadi na mahindi vikapita juu ya magati hayo. Sarafu mpya ilituliza hesabu, lakini kilicholipa madeni ni mizigo iliyopanda melini na mikono ya mahamali walioipandisha.

Shilingi yetu ilinunua mkate hadi Aden na Addis Ababa

Iliyozaliwa kwenye msukosuko ikageuka mojawapo ya pesa zilizosambaa zaidi katika ukanda huu. Ethiopia iliitumia baada ya Waitaliano kufukuzwa mwaka 1941, hadi ilipotoa pesa yake mwaka 1945. Somalia ya Waingereza iliipokea mwaka 1942, na Aden mwaka 1951. Baharia wa jahazi aliyepakia boriti Lamu na kuziuza Aden aliweza kurudi Bandari ya Kale na pesa ileile mfukoni, bila kupita kwa mvunja pesa.

Talaka ya pesa ya 1966 ilifanyika kwa heshima

Bodi ya Sarafu ilipogawanyika, Tanzania, Uganda na Kenya zilianzisha benki kuu zao mwaka huohuo wa 1966. Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa noti tarehe 14 Septemba. Shilingi ya zamani ilibadilishwa moja kwa moja, bila hasara hata ya senti. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1967, Uingereza ilishusha pauni kwa asilimia 14.3, na nchi zote tatu zikakataa kuifuata. Mwaka 1920 uamuzi ulifanywa London na Mombasa ikaupokea. Mwaka 1967 uamuzi ulifanywa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Ilichukua miaka 47.

Shilingi ya Kenya ilirudi kutoka 160 hadi 130 ndani ya miezi michache

Mwezi Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, kwa hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva mwezi Juni. Februari nchi ikakopa dola bilioni 1.5 kupunguza mzigo huo, hofu ikayeyuka, na shilingi ikapanda hadi karibu 130 na kutulia hapo. Kwa muagizaji wa ngano au magari Kilindini, kila dola 1,000 zikapungua kwa takriban shilingi 30,000. Pesa ya nchi yenyewe hupatwa na homa pia. Tofauti ni kwamba daktari yuko nyumbani, na unaweza kumuuliza maswali.

Pesa ya pamoja inarudi, na tarehe imeshatajwa

Tarehe 30 Novemba 2013, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia sahihi Kampala mkataba wa kuwa na sarafu moja. Lengo la kwanza lilikuwa 2024; sasa linatajwa 2031. Muuza viungo wa soko la Marikiti, Mombasa, anayenunua karafuu Pemba na iliki Tanzania Bara angeokoa gharama za kubadilisha pesa kila safari, na hiyo ni neema ya kweli. Lakini kuna nchi itakayokuwa ndogo kuliko wenzake, na iko siku bei ya kahawa au ya mafuta itaipiga hiyo peke yake. Mkataba unaofaa ni ule utakaosema mapema, kwa maandishi, mzigo wa siku hiyo utagawanywa vipi, na utakaowapa wanaoubeba kiti mezani kiwango kinapopangwa.